Kichaka cha miiba kwenye ploti: ni mukawa, mutongu au kitu kingine?

Katika mitaa ya Eastlands iliyo pembezoni mwa jiji, kama vile Ruai, Njiru, Mihang'o na Utawala, bado kuna ploti zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita na hazijajengwa. Mwenye ploti huweka nguzo na seng'enge, akaondoka, kisha akarudi baada ya miaka mitano akiwa na fundi na lori la mawe. Anachokuta ni kichaka. Kina miiba, kina matunda, na watoto wa majirani tayari wana njia yao ya kupenya waya kwenda kuyachuma.

Hapo huzuka maswali matatu kwa pamoja. Huu ni mti gani? Matunda yake yanaliwa? Ukatwe au uachwe? Wakazi wengi hujaribu kujibu yote matatu kwa kutazama miiba tu. Wapo wanaosema mti wenye miiba ni wa sumu, na wapo wanaosema mti huficha kitu kitamu nyuma ya miiba. Kauli zote mbili hazisaidii. Miongoni mwa vichaka vinavyoota Nairobi na viunga vyake, kuna vyenye miiba ambavyo matunda yake ni chakula, vipo vyenye miiba ambavyo matunda yake hudhuru, na ule ulio hatari kuliko vyote hauna hata mwiba mmoja.

Ndiyo maana mti hautambuliwi kwa alama moja. Hutazamwa mambo kadhaa kwa pamoja: miiba imekaaje, majani yamepangwaje kwenye tawi, jani likichumwa linatoa utomvu wa rangi gani, maua yana umbo gani, na tunda hupitia rangi zipi kabla ya kuiva.

Mgeni anayeulizwa sana ni mukawa. Wakikuyu na Wakamba wote huuita hivyo. Wajaluo huliita tunda lake ochuoga, Wakalenjin husema legetetwa, Wamaasai olamuriaki, na vitabu vya miti huandika jina la Kiswahili mtandamboo. Wataalamu wa mimea huuita Carissa spinarum, na vitabu vya zamani kidogo huandika Carissa edulis. Si mgeni kwa kweli. Ni mti wa asili wa nchi kavu ya Afrika Mashariki, na mara nyingi ulikuwa hapo kabla ya ploti kupimwa. Aliye mgeni ni mjengo.

Mukawa kwa kawaida ni kichaka cha mita mbili au tatu, kilichosongamana kiasi kwamba kuku akiingia ndani mwewe hamfikii. Majani yake ni magumu kidogo, ya kijani kibichi kilichoiva, yanang'aa upande wa juu, nayo hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye tawi. Miiba ni mirefu, imara, iliyonyooka, na inaweza kufika sentimita tano. Kwa kawaida ni mwiba mmoja usiogawanyika, ingawa mara chache hugawanyika ncha. Jani au tawi likivunjwa hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni madogo, yenye petali tano nyeupe zilizoguswa na wekundu kwa nje, nayo hukaa kwa vishada na kunukia vizuri. Tunda huanza likiwa kijani, likawa jekundu, kisha zambarau inayokaribia weusi. Lililoiva ni tamu lenye uchachu kidogo, na ukubwa wake ni karibu sentimita moja. Watoto wa Ukambani, wa Kajiado na wa Baringo wamekula matunda haya vizazi na vizazi.

Kuna pia ndugu yake wa bustanini, Carissa macrocarpa, aliyeletwa kutoka kusini mwa Afrika na kupandwa kama ua. Huyo miiba yake hugawanyika kama herufi Y, na tunda lake ni jekundu na kubwa zaidi. Tunda lililoiva la huyo pia huliwa.

Kama habari ingeishia hapo, makala haya yasingehitajika. Tatizo ni kwamba mukawa una ndugu mwingine katika ukoo ule ule, anayefanana naye karibu kwa kila kitu. Wakamba huuita kivai, Wamaasai olmorijoi, Wasomali waabaayo, na kwa Kiswahili ni msunguti. Jina lake la kitaalamu ni Acokanthera, na aina zake zinazojulikana sana hapa ni Acokanthera schimperi na Acokanthera oppositifolia. Huu ndio mti ambao wawindaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walichemsha magome na kuni zake hadi ukawa mchuzi mzito mweusi, wakapaka kwenye mishale. Mshale wenye sumu hiyo uliweza kumwangusha ndovu.

Sumu yenyewe huitwa wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la mti huo. Mkemia mmoja Mfaransa aliitenga mwaka 1888. Hufanya kazi yake kwenye moyo: huvuruga mapigo yake hadi unasimama. Madaktari wa Ulaya waliwahi kuitumia kwa kipimo kidogo sana kutibu wagonjwa wa moyo, jambo linaloonyesha nguvu zake. Na si binadamu tu aliyeigundua. Mwaka 2011 watafiti walichapisha taarifa kuhusu panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu ya shingoni na mgongoni, anayetafuna gome la mti huu na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa anayemng'ata huugua vibaya au hufa. Panya mwenyewe hadhuriki.

Sasa mkazi alinganishe. Msunguti una majani magumu yanayong'aa, yanayotazamana mawili mawili. Mukawa pia. Msunguti hutoa utomvu mweupe. Mukawa pia. Maua ya msunguti ni meupe yenye wekundu, yanayonukia vizuri, katika vishada. Ya mukawa pia. Tunda la msunguti huanza kijani, huwa jekundu, kisha zambarau iliyokolea. La mukawa pia. Tofauti iliyo wazi kwa macho ya mtu wa kawaida ni moja: mukawa una miiba na msunguti hauna. Zaidi ya hapo, jani la msunguti mara nyingi ni kubwa na nene zaidi, na ncha yake huchoma kidogo ukiigusa kwa kidole, lakini hilo linahitaji jicho lililozoea.

Kwa hiyo kanuni iliyo salama kwa mzazi ni kinyume na ile ambayo wengi wamefundishwa. Kichaka chenye majani yanayotazamana, utomvu mweupe na matunda ya zambarau kikikosa miiba, matunda yake yasiguswe. Tawi moja la mukawa linaweza kuwa na miiba michache, kwa hiyo hutazamwa kichaka kizima, si tawi lililo karibu na mkono. Wapo watu wanaokula tunda la msunguti likiwa limeiva kabisa, na kisa hicho husimuliwa sana na wazee. Tunda lisiloiva, majani, magome, kuni na mizizi vyote vina sumu, na mtoto wa miaka sita hawezi kutegemewa kujua ni tunda lipi limeiva kabisa. Tawi la mti huu halifai kuwa kijiti cha mishikaki wala kuni ya jikoni.

Kuna hatari nyingine inayohusu watu wazima zaidi ya watoto. Mizizi ya mukawa huchemshwa kama dawa ya kienyeji ya kifua, homa na maumivu ya mwili, na jamii nyingine huitia kwenye supu ya nyama. Mzizi ukishachimbwa na kukatwakatwa hauna mwiba wala jani la kuutambulisha. Anayechimba mwenyewe kwenye ploti isiyo yake, katika kichaka asichokijua, hana njia ya kuhakikisha alichotia kwenye sufuria. Asiyeona mti uliosimama, wenye miiba yake, asinywe mzizi wake.

Kichaka cha pili kinachozua maswali ni rahisi zaidi kukitambua, na huenda ndicho kilicho kingi kuliko vyote kwenye ploti zilizoachwa, kandokando ya reli na kwenye malisho yaliyochoka. Ni mtunguja, ambao wakazi wa Nairobi huujua zaidi kama mutongu au ochok, na ambao Watanzania huuita ndulele. Kwa miaka mingi umeandikwa Solanum incanum. Wataalamu wa siku hizi huiita aina iliyoenea hapa Solanum campylacanthum. Mara nyingi haufiki mita mbili. Miiba yake ni mifupi, wakati mwingine imejipinda, na haipo kwenye shina tu: imo hata kwenye majani, juu ya mshipa wa kati. Hakuna kichaka kingine kati ya hivi chenye miiba juu ya jani lenyewe kwa namna hiyo. Majani ni laini, yana vinyweleo, na chini yake yana rangi ya kijivu. Ua ni la zambarau lenye kitovu cha manjano, mfano wa ua la biringanya. Tunda ni la mviringo, huanza kijani lenye mabaka meupe, kisha huwa la manjano yanayovutia macho.

Kufanana na biringanya si bahati nasibu. Mtunguja ni ndugu wa porini wa biringanya, na katika ukoo huo huo wamo nyanya, viazi na managu inayouzwa katika kila soko la Eastlands. Wakazi wengine hujiambia kwamba kitu kilicho jamaa ya managu hakiwezi kuua. Ukoo si ushahidi. Tunda la mtunguja lina kemikali chungu zinazoleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara, na kwa mtoto mdogo au mbuzi aliyekula mengi hali inaweza kuwa mbaya. Ni kweli kwamba watu wa jamii kadhaa hutumia utomvu wa tunda hilo au mzizi wake kwa jino linalouma. Hiyo haifanyi tunda kuwa chakula. Watoto hulipenda kwa sababu ni duara na hurushwa vizuri kama mpira. Mchezo huo wenyewe hauna neno, mradi mikono inawe kabla ya kula.

Kayaba hauhitaji maelezo mengi kwa watu wa Nairobi, kwani jina lake limo hata katika Mukuru Kayaba. Ni mti wa ua ulioletwa kutoka kusini mwa Afrika, pande za mto Kei, na ndiyo asili ya jina lake la Kiingereza ambalo ndimi za hapa zililigeuza likawa kayaba. Miiba yake ni mirefu kuliko ya mukawa, mikali, na hutoboa gurudumu la baiskeli. Majani hukaa kwa mafungu madogo, hayatazamani mawili mawili, na hakuna utomvu mweupe. Tunda ni la manjano, kubwa kama ndimu ndogo, chachu sana. Hutengenezwa jemu nzuri. Ua la kayaba lisilo na matunda si ugonjwa: mti wa kiume haubebi. Anayechanganya kayaba na mtunguja kwa sababu matunda yote ni ya manjano atazame jani. La kayaba ni laini linalong'aa na halina mwiba juu yake.

Lantana nayo ina vimiiba, vidogo vilivyojikunja, kwenye shina lenye pembe nne. Majani yake ni ya kukwaruza na yakifikichwa hutoa harufu kali. Maua yake ya rangi mbili tatu katika kichala kimoja ndiyo yaliyofanya watu waipande kama pambo ilipoletwa kutoka Marekani ya kitropiki. Sasa imevamia misitu na malisho. Matunda yake ni vichala vya punje nyeusi zinazong'aa, na zikiwa bado kijani ni hatari kwa watoto. Ng'ombe na mbuzi wakila majani yake kwa wingi huharibika ini, na ngozi yao huungua kwa jua.

Na kuna mimea miwili ambayo miiba yake iko kwenye tunda tu. Inaota kwenye majalala, kando ya Mto Nairobi na Mto Ngong, na popote udongo ulipofukuliwa. Wa kwanza ni mbarika, wenye majani makubwa kama kiganja cha mkono na mbegu zenye madoadoa; mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kuua, na dalili huchelewa kwa saa kadhaa. Wa pili ni mnanaha, au datura, wenye ua refu kama tarumbeta na tunda la kijani lililojaa miiba. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu mamia waliugua na kadhaa wakafa baada ya kula unga wa msaada uliokuwa umechanganyika na sehemu za mmea huo. Mtu aliyekula datura hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, huona vitu visivyokuwepo na huweweseka. Visa kama hivi vikitokea mtaani mtu asidhaniwe kuwa amerogwa au amelewa. Apelekwe hospitali.

Jina analolitoa jirani ni mwanzo mzuri wa utambuzi, hasa jirani aliyekulia Machakos, Narok au Siaya, lakini jina pekee halitoshi. Jina moja hutumiwa kwa miti tofauti kutoka eneo moja hadi jingine, na hapa Eastlands watu wa maeneo hayo yote wanaishi kwenye ngazi moja ya ghorofa. Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha zina faida yake pia, ila picha ya majani tu ya mukawa na ya msunguti inaweza kuidanganya simu kama inavyomdanganya mtu. Programu ya simu isiamuliwe kitu cha kutia mdomoni.

Mahali panapotoa jibu la uhakika ni hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Museum Hill. Ilianzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, nayo huhifadhi mamia ya maelfu ya sampuli zilizokaushwa kutoka eneo hili lote. Mkazi anayetaka kupeleka sampuli akate tawi la urefu wa kama mkono hadi kiwiko, lenye majani, miiba, na ikiwezekana maua na matunda kwa pamoja. Jani moja kwenye mfuko wa plastiki halisaidii: hufika limeoza. Tawi lilazwe kati ya kurasa za gazeti, juu yake pawekwe kitu kizito, na gazeti libadilishwe kila siku hadi likauke. Kwenye karatasi paandikwe mahali lilipokatwa, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua na ya tunda, na kama kulikuwa na utomvu na wa rangi gani, kwa sababu mambo hayo hupotea tawi likikauka. Glavu za mjengo zinafaa, na utomvu usiingie machoni. Ukiingia, jicho lisafishwe kwa maji mengi safi. Afisa wa kilimo wa kaunti ndogo pia anaweza kutazama mti na kueleza, hasa pale ambapo swali ni la mifugo.

Ikiwa mtoto ameshakula tunda lisilojulikana, jibu la hebaria halisubiriwi. Mabaki yatolewe mdomoni, mdomo usukutuliwe kwa maji, na mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kama anacheza kama kawaida. Asilazimishwe kutapika, na asipewe maziwa, mafuta wala mkaa kwa ushauri wa jirani. Tawi lenye matunda ya mti ule ule lichukuliwe pamoja naye, kwani daktari akijua mti ataamua haraka kama moyo ndio unaopaswa kuangaliwa au tumbo. Kwa wakazi wa Umoja, Kayole, Komarock na mitaa ya jirani, hospitali kubwa ya kaunti iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Baada ya mti kujulikana, kuusafisha ni kazi ya kawaida. Mtunguja ukikatwa kwa slasha huchipua tena kutoka mzizini, kwa hiyo hung'olewa kwa jembe udongo ukiwa na unyevu, kabla matunda hayajageuka manjano na mbegu kusambaa. Lantana vilevile. Msunguti ukiwa ndani ya ua wenye watoto hukatwa, na matawi yake hayaachwi pale mbuzi wanapopita wala hayapelekwi jikoni. Mukawa hauna sababu ya kuondolewa isipokuwa umesimama pale msingi wa nyumba utakapopita. Kwenye mpaka wa ploti hufanya ua usiopitika, hustahimili ukame wa Ruai bila kumwagiliwa, na hupogolewa mvua fupi zikikaribia, kuanzia Oktoba.